Jino la Otodus kutoka Khouribga: taji ni la kweli, mzizi je?

Mkwaju2

Wakuu habari zenu. Naomba macho yenu kwenye jino la papa wa kale. Lilikuja likiwa limezama nusu ndani ya bonge la mchanga wa njano, na karatasi ya muuzaji inasema: "Megalodon mtoto, Khouribga, Moroko, miaka milioni 60."

Vipimo kwa kalipa: kutoka ncha hadi mwisho wa mzizi mm 71, upana wa mzizi mm 52, unene wa mzizi mm 17. Taji ni kahawia, linang'aa, limeinamia upande wa kulia. Makali hayana msumeno hata kidogo, ukipitisha ukucha unateleza. Pembeni kushoto kuna kijino kidogo cha pembetatu. Kulia hakuna, pana mchanga mtupu. Mzizi ni wa rangi ya krimu na unaacha unga kidoleni. Kati ya taji na mzizi kuna ukanda wa mchanga wenye upana wa mm 3 hivi, umezunguka jino lote.

Maswali yangu: ni megalodon (yule papa mkubwa wa kale) kweli? Limeunganishwa au ni zima? Naweza kuliloweka kwenye siki ili mchanga utoke? Na papa mwenyewe alikuwa na urefu gani? Mzizi unazidi kumomonyoka, kwa hiyo nisingependa kukaa nao hivi muda mrefu.

---

Chokaa_Laini

Tuanze na jina, mkuu. Huyo si megalodon, awe mtoto au mzee. Jino lenye makali laini na kijino pembeni, kutoka kwenye fosfeti (miamba ya madini ya mbolea) za Khouribga, ni *Otodus obliquus*, papa mwingine wa kale.

Umri peke yake unatosha kumkataa megalodon. Fosfeti za bonde la Ouled Abdoun, ambako ndiko Khouribga na Oued Zem, zilitua baharini kuanzia mwisho wa Kretasia hadi Eosini ya mwanzo (zama kwa mfuatano: Kretasia ya dinosaria, Paleosini, Eosini, Oligosini, Miosini). Wachimbaji wanayahesabu matabaka kutoka juu kwenda chini: tabaka la I ni Eosini ya mwanzo, II ni Paleosini, III ni mwisho wa Kretasia. Megalodon alitokea Miosini, zaidi ya miaka milioni 20 baada ya bahari ile kuondoka. Hawezi kupatikana humo. Halafu kuna makali: jino la megalodon, hata la mtoto, lina msumeno mwembamba ukingoni kutoka chini hadi nchani. Lako linateleza.

Ukoo lakini ni mmoja. Watafiti wengi leo wanawaweka wote ndani ya jenasi (kundi la spishi za karibu) *Otodus*, na obliquus ndiye babu. Baada yake meno yanaanza kuota msumeno mkubwa usio sawa kwa *O. auriculatus* wa Eosini, unakuwa mzuri zaidi kwa *O. angustidens* wa Oligosini, kisha *O. chubutensis*, kisha *O. megalodon* ambaye utu uzimani vijino vya pembeni vimepotea kabisa. Ukoo ukaishia hapo, miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Ukiyapanga meno ya hao watano mezani unaona kwa macho jinsi kisu laini kilivyogeuka kuwa msumeno. Ni jambo la kupendeza sana, na ndiyo sababu inauma jino la obliquus likiuzwa kwa jina la mjukuu wake. Lina thamani yake lenyewe.

Jina lenyewe ni la Louis Agassiz, Mswisi aliyeandika kazi kubwa ya visukuku vya samaki kati ya 1833 na 1843. Otodus kwa Kigiriki ni "jino la sikio", kwa sababu ya vile vijino vya pembeni. Basi tuviite masikio, ndivyo vilivyo. Obliquus ni Kilatini, maana yake lililoinama.

Usilichanganye na haya yanayotoka machimbo hayo hayo. *Palaeocarcharodon orientalis* wa Paleosini ana pembetatu pana yenye msumeno mkubwa uliokwenda hovyo. Akikuangukia huyo, tulia, ni adimu. *Squalicorax pristodontus* wa tabaka la Kretasia ana jino fupi lililopinda kama kwato, lenye msumeno, halina masikio. *Cretalamna* anafanana mno na Otodus na ndiye anayedhaniwa kuwa chimbuko lake, ila meno yake ni madogo na membamba. Yale marefu kama sindano yenye mistari upande wa ndani ni ya *Striatolamia*. Aliyeyaeleza meno ya fosfeti hizo kwa kina ni Mfaransa Camille Arambourg, 1952. Ndiye yule yule aliyeongoza msafara wa bonde la Omo, kaskazini mwa Ziwa Turkana, 1932 na 1933.

Kuhusu kuunganishwa nawaachia wenzangu, ila ule ukanda wa mm 3 unaozunguka jino lote sijaupenda.

---

Mzizi_Kwanza

Mimi pia sijaupenda. Nikueleze kwanza kwa nini Khouribga ina meno mengi yaliyoungwa, ndipo utajua pa kutazama.

Jino la papa ni vitu viwili. Taji limefunikwa na ganda gumu la fluorapataiti, madini ambayo papa analo tangu yu hai, kwa hiyo halihitaji kugeuka jiwe ili lidumu. Mzizi ni dentini yenye matundu kama sifongo. Humo kwenye fosfeti mzizi unabaki laini, na sepetu ikiugusa unavunjika. Matokeo yake machimboni kuna mataji mengi yasiyo na mizizi, na mizizi mingi isiyo na mataji. Mtu mwenye gundi na mchanga wa pale pale anavipatanisha. Kila kipande ni kisukuku halisi, lakini jino hilo halikuwahi kuwa kinywani mwa papa yeyote. Ndiyo maana wengi wanadanganyika: wanakagua taji, wanaliona la kweli, wanaridhika. Kagua mzizi.

Geuza upande wa ndani, ule uliokuwa ukitazama ulimi. Unautambua kwa sababu umebinuka, wakati upande wa nje ni bapa. Pale enameli, lile ganda gumu la taji, inapoishia pana utepe mwembamba usiong'aa, kama shingo, halafu ndipo mzizi unaanza. Kwenye jino zima shingo hiyo inakwenda bila kukatika kutoka sikio hadi sikio. Ikiwa imefunikwa na mchanga mahali popote, pale ndipo pa kuchokonoa kwanza.

Kisha tazama masikio. Sikio halipandikizwi, limekaa juu ya bega la mzizi, na enameli yake imeungana na ya taji. Ukiona ufa au mchanga unalitenga, limebandikwa.

Kisha umbo. Meno ya mbele ya taya yamesimama wima, na ncha mbili za mzizi zimekaribiana zikiacha uwazi mrefu kama V. Meno ya pembeni yameinama, mzizi umetanuka, na uwazi wake ni wa kina kifupi. Taji lako umesema limeinama. Kama mzizi una uwazi wa kina kirefu, hao si ndugu wa kinywa kimoja.

Vipimo vya nyumbani, kwa mpangilio huu ili usiharibu kitu kabla ya kukijua:

Piga picha pande zote mbili pamoja na rula. Usiruke hili, kwa sababu baada ya saa moja huenda usiwe na kitu cha kupiga picha.

Zima taa na uchukue tochi ile ya kukagulia noti bandia. Gundi nyingi hung'aa buluu-nyeupe, kama mstari mwembamba wenye kingo kali. Jino na fosfeti navyo vinaweza kung'aa, kwa njano au machungwa hafifu, lakini mng'ao wao umetawanyika. Unachotafuta ni mstari.

Weka tone la maji ya uvuguvugu juu ya mchanga wa pembeni kabisa, mbali na jino, usubiri dakika 10. Mchanga wa asili unalegea na kubaki chembechembe. Ukiona utelezi mweupe kama maziwa, hapo kuna gundi nyeupe ya mbao.

Maji yasipofanya kitu, lowesha kijiti cha pamba cha masikio kwa asetoni, ukikandamize kwenye ukanda ule kwa dakika 3. Supaglu inageuka kuwa kama ubani uliotafunwa. Gundi ya epoksi haitikisiki kwa asetoni. Hiyo utaijua kwa sindano iliyopashwa moto kwenye kiberiti, kwani inazama kidogo na kunuka plastiki. Juu ya dentini sindano haizami.

Na bonge lenyewe nalo lishuku. Jino moja lililolala kihasarahasara laweza kuwa la asili. Jino lililosimama katikati kama kombe, na mengine madogo yamepangwa kulizunguka, ni kazi ya mikono.

---

Fundi_wa_Visukuku

Kabla hujafika jikoni: siki hapana, mkuu, nakusihi. Ushauri wa siki unatoka kwa watu wanaosafisha visukuku vilivyo ndani ya mawe ya chokaa. Asidi inakula kalisi kaboneti, kisukuku kinabaki, na hata hao wanatumia asidi hafifu na chumvi maalumu ya kuzuia isile mfupa. Mchanga wa Khouribga ni habari nyingine. Chembe zake nyingi ni fosfeti, yaani madini ya jamii ile ile iliyolijenga jino. Asidi yenye nguvu ya kuula mchanga huo ina nguvu ya kulila jino pia, na itaanza na mzizi kwa sababu ndio wenye matundu. Utatoa jino lenye taji lililopauka na mzizi kama chaki iliyolowa. Ndimu ni vile vile. Dawa ya kusafishia choo ndiyo usiitaje, nyingi zina asidi ya hidrokloriki na zinamaliza kazi kwa dakika chache.

Kinachofanya kazi ni subira. Mswaki laini wa mtoto, maji safi kidogo, kijiti cha kuchokolea meno. Chuma usitumie kwenye mzizi. Sindano inachora mikwaruzo myeupe isiyofutika. Fanyia kazi juu ya sinia lenye kitambaa, ili kikidondoka kipande ukione. Usipige msasa wala usikwangue kavu: vumbi la fosfeti si la kuvuta, na mawe haya yana urani kwa kiasi kidogo. Mchanga ukiwa na unyevunyevu hautimki.

Sasa kuna uamuzi mmoja ni wako peke yako. Kama limeungwa kwa gundi, maji au asetoni italitenganisha, na halitarudi lilivyokuwa. Wengine wanapendelea libaki pambo. Mimi nasema litenganishe, maana gundi mbaya itazeeka yenyewe na kuachia siku usiyoitaka, tena ikiondoka na ngozi ya mzizi.

Ukiamua kulitenganisha: chupa ya kioo yenye mdomo mpana na kifuniko cha chuma, asetoni ya kufunika jino lote, funga, acha saa 12 hadi 24. Chombo kisiwe cha plastiki, aina nyingi zinalainika na kuacha utando juu ya jino. Dawa ya kutolea rangi ya kucha siishauri. Nyingine haina asetoni kabisa, nyingine ina mafuta na rangi, na mzizi utavinywa vyote. Asetoni ikichafuka badilisha. Usivute vipande, viache viachane vyenyewe. Dirisha wazi, mbali na jiko, mbali na sigara. Mvuke wake unashika moto haraka sana.

---

Mkwaju2

Asanteni sana. Nimefuata mpangilio, haya ndiyo matokeo.

Tochi ya noti: mstari wa buluu-nyeupe umezunguka ukanda wote wa mm 3, na mwingine umezunguka bonge pale jino lilipoingilia. Tone la maji: hakuna maziwa. Asetoni: ubani mtupu, kama alivyosema Mzizi_Kwanza.

Saa 20 ndani ya chupa. Bonge limekuwa mchanga chini ya chupa. Mzizi umeachia. Chini ya taji kumebaki kipande cha mzizi wake wa asili, chenye kina cha mm 5 hivi, kimekatika mshazari. Ule mzizi wa krimu una uwazi wa kina kirefu kama V, na juu yake, ukingoni, kuna utepe mwembamba wa enameli uliosalia. Utepe huo ni mweusi-kijivu. Taji langu ni kahawia.

Kimo cha taji peke yake, upande wa nje, ni mm 46. Je, nikitumia hiyo naweza kupata urefu wa papa? Na mzizi niurudishe?

---

Mzizi_Kwanza

Huo utepe wa enameli nyeusi ndio ushahidi wenyewe, usiufute. Mzizi ule ulikuwa na taji lake, lenye rangi nyingine, kwenye jino la mbele. Rangi ya enameli inatokana na madini ya tabaka ambamo jino lilizikwa, kwa hiyo huenda hivyo viwili havikutoka hata tabaka moja. Umepata mabaki ya meno mawili ya Otodus kwa bei ya moja, na yote mawili ni halisi.

Angalia pia ncha ya taji. Kama ina kipande kilichoruka, tazama kingo za jeraha kwa kioo cha kukuzia. Kingo zilizolainika, zenye rangi ile ile ya enameli, ni jeraha la zamani; papa mwenyewe aliligonga jino kwenye mfupa. Kingo kali na nyeupe ni za sepetu. La kwanza usilijaze kamwe, hiyo ni habari ya mlo wa mnyama.

---

Papa_na_Rula

Nijibu la urefu, kwa sababu ndilo linalozalisha takwimu za ajabu mitandaoni.

Kwanza tofautisha vipimo. Ile mm 71 ya mwanzo, ncha hadi mwisho wa mzizi, ni kipimo cha wauzaji. Kwao kila milimita ni pesa, na ndiyo faida ya kubandika mzizi mrefu. Watafiti wanapenda kimo cha taji upande wa nje, kutoka ncha hadi pale enameli inapokoma katikati. Hiyo mm 46 yako ndiyo namba ya kweli. Iandike.

Lakini kuigeuza kuwa mita za papa hapana. Kanuni zinazotumika zilitengenezwa kwa kupima papa weupe wa leo, na kila nafasi ya taya ina kanuni yake. Jino la mbele ni refu, la nyuma ni fupi, kinywa kile kile. Ukiweka jino la nyuma kwenye kanuni yake, kosa dogo la milimita linakuzwa mno. Utafiti uliotoka 2021 ulionyesha tatizo hili wazi: meno ya megalodon mmoja, yakipigiwa hesabu jino kwa jino, yalitoa urefu kutoka mita kama 12 kwa meno ya mbele hadi 45 kwa ya nyuma. Papa mmoja! Ndipo wakaja na njia ya kujumlisha upana wa mataji ya safu nzima ya taya, ambayo jino la peke yake haliwezi kukupa.

Hata megalodon aliyechunguzwa kuliko wote hana urefu mmoja. Safu ya pingili za uti wa mgongo iliyopatikana Ubelgiji ina pingili 141 na urefu wa mita 11.1. Watafiti waliojenga mwili kutokana na pingili hizo 2022 walifika mita 15.9 kwa mnyama huyo. Wengine 2025, wakilinganisha na maumbo ya papa wengi badala ya papa mweupe pekee, walifikisha mita 24.3 kwa wakubwa kabisa. Namba inategemea pingili uliyonayo na mwili unaoudhania kuizunguka. Mifupa ya papa ni gegedu, inaoza, kwa hiyo hatuna kiunzi kizima cha kumaliza ubishi.

Kwa jino lako sema hivi tu: taji lililoinama, kwa hiyo ni la pembeni mwa taya, mm 46. Meno makubwa ya obliquus yanakaribia mm 100 pamoja na mzizi. Lako ni la saizi ya kati.

---

Fundi_wa_Visukuku

Kurudisha mzizi: usirudishe. Vitunze viwili kando kando, kila kimoja na karatasi yake.

Sasa kuimarisha, kwa sababu unga wa kidoleni ni mzizi unaokufa. Kinachotumika makumbusho ni Paraloid B-72, plastiki ya punje punje inayoyeyuka kwenye asetoni. Inakaa miaka mingi bila kugeuka njano, na ukitaka kuitoa unaitoa kwa asetoni ile ile. Vanishi, rangi ya kucha na supaglu havina sifa hiyo. Supaglu zaidi ya yote: inashika kabla hujalinganisha vipande, inakauka kuwa kioo, na inaacha ukungu mweupe pembeni.

Kwa kunywesha mzizi changanya gramu 5 kwa mililita 100 za asetoni. Usitupe punje chini ya chupa, zitagandana bonge moja. Zifunge kwenye kipande cha soksi nyembamba, zining'inize katikati ya asetoni, funika, acha usiku kucha.

Jino liwe kavu kabisa. Baada ya kutoka kwenye maji liache kivulini siku 3. Juani linapasuka kwa sababu nje inakauka kabla ya ndani. Kwa aliye pwani, Mombasa au Tanga au Muscat, chagua saa za mchana hewa ikiwa kavu. Asetoni inapokimbia inapoza jino, unyevu wa hewa unaganda juu yake, na Paraloid inatoka nyeupe kama ukungu. Ikitokea hivyo haijaharibika. Pitisha brashi yenye asetoni tupu, utando unayeyuka na kukaa upya ukiwa angavu.

Uzamishe huo mzizi kwenye mchanganyiko dakika 2 au 3, hadi mapovu madogo yaache kutoka matunduni. Utoe kwa kibano cha mbao, uuweke juu ya vijiti viwili vya mishikaki, ugeuze baada ya dakika 5. Usiuweke juu ya karatasi, utabanduka na karatasi. Ngoja saa 24. Ukisugua na bado unaacha unga, rudia mara moja. Ukianza kung'aa, umezidisha; futa kwa asetoni. Taji halihitaji chochote kati ya hivi, ni kipande cha mzizi kilichobaki chini yake tu ndicho cha kupakwa kwa brashi.

Kama siku moja utavunja kipande na kutaka kukiunga: kwanza nywesha kingo zote mbili mchanganyiko hafifu, zikauke. Halafu tumia mchanganyiko mzito, gramu 50 kwa mililita 100, kidogo sana katikati. Bana dakika moja. Kisha lisimamishe jino kwenye bakuli la mchele mkavu, kwa namna ambayo kipande cha juu kinakaa kwa uzito wake bila kuegemea upande. Mchele unashika umbo lolote, na punje zikinata unazipangusa.

---

Chokaa_Laini

Nyongeza mbili kwa wanaosoma uzi huu wakiwa na meno ya kwingine, maana matibabu yanabadilika na mahali.

Jino lililookotwa ufukweni lina chumvi ndani ya mzizi. Likikauka, chumvi inajenga fuwele na kuuchana mzizi kutoka ndani. Liloweke maji baridi, ubadilishe kila siku kwa wiki 2, kabla ya Paraloid. Na walio Uingereza wanaopata Otodus kwenye udongo wa London, kule kisiwa cha Sheppey au Herne Bay, waogope pairiti (madini ya chuma na salfa) iliyomo ndani ya jino: ukiona unga wa njano-kijivu na harufu ya kiberiti, unyevu umeingia. Hayo yanataka kukaa pakavu, kwenye chombo kilichofungwa chenye vile vifuko vya kunyonya unyevu, na yasiloweshwe tena.

Sheria nayo. Moroko inataka kibali kutoa visukuku nchini, kwa hiyo dai karatasi kwa muuzaji. Kwetu, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya Kenya ya 2006 zinalinda visukuku. Ukiliona jino kwenye mwamba, usichimbe. Piga picha ukiwa umeweka sarafu kando, andika mahali, peleka taarifa makumbusho. Jino likiwa bado ndani ya tabaka lake linaeleza umri na bahari yake. Likishang'olewa bila kumbukumbu, linabaki jino tu.

---

Mkwaju2

Nimenunua punje. Nimeandaa karatasi ya taji, naomba mnikosoe:

"*Otodus obliquus*. Khouribga, Moroko. Miaka milioni 60. Kimo cha taji mm 46. Jino la pembeni."

---

Mzizi_Kwanza

Karibu, ila huo umri ni wa muuzaji, hujui tabaka. Na kazi uliyoifanya haimo. Andika kwa penseli au wino usiofutika, kwenye karatasi isiyo na asidi:

"*Otodus obliquus* Agassiz. Taji na mm 5 za mzizi wa asili. Sikio moja, la kushoto. Jino la pembeni mwa taya. Kimo cha taji upande wa nje mm 46. Eneo la Khouribga, Moroko, kwa kauli ya muuzaji. Tabaka halikuandikwa; Paleosini au Eosini ya mwanzo. Lilikuwa limegundishwa kwa supaglu kwenye mzizi wa jino jingine. Limetenganishwa kwa asetoni, saa 20. Chini ya taji limepakwa Paraloid B-72, gramu 5 kwa mililita 100."

Ongeza tarehe ya kila hatua. Na ya mzizi ianze hivi: "Mzizi wa jino la mbele, *Otodus*, wenye utepe wa enameli nyeusi."